Lugha ya Mantiki Nayo Ina Mshono Uliofumuka

Nani aliyekula kwanza, mwenyeji au mgeni? Kwetu pwani hilo si swali dogo. Mwenyeji aliyetia mkono sahanini kabla mgeni hajabisha hodi ana la kujieleza. Aliyengoja hata mgeni akaja ndiye muungwana. Basi fikiria, msomaji, lugha iliyoundwa makusudi na watu waliopenda mantiki, ili kila sentensi yake ichanganuliwe kwa njia moja tu. Kisha katika lugha hiyo hiyo kijineno kimoja cha herufi mbili kikawa hapa chasema mwenyeji alingoja, na pale chasema alitangulia.

Lugha yenyewe yaitwa Lojban. Haina kabila wala nchi; wanaoijua ni wachache, waliotawanyika duniani, na kila mmoja aliisoma kwa hiari yake. Nimeichagua leo kwa sababu kosa lake latufunza jambo juu ya lugha zote, hii yetu ikiwamo.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1955 James Cooke Brown, mtaalamu wa elimu ya jamii, alianza kuunda lugha aliyoiita Loglan. Kusudi lake lilikuwa kupima dai la wanachuoni Sapir na Whorf, kwamba lugha anayoisema mtu huathiri namna anavyofikiri. Brown alijiuliza: je, mtu akipewa lugha iliyojengwa juu ya mantiki tupu, atafikiri kwa njia nyingine? Mwaka 1960 aliieleza lugha yake katika jarida la Scientific American, na watu wengi wakavutiwa.

Lakini panapo watu hapakosi ugomvi. Brown aliiona lugha ni mali yake, na baadhi ya wanafunzi wake wakaona kwamba lugha isiyoachiwa watu haiwezi kuishi. Mwaka 1987 kundi lililoongozwa na Bob LeChevalier lilijitenga, likajiita Logical Language Group, likaanza kuunda msamiati wake upya ili lisidaiwe haki na mtu. Kesi juu ya jina Loglan ilifika mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ilishikilia kwamba jina hilo haliwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Lugha mpya ikaitwa Lojban, kutokana na maneno yake mawili, logji, yaani mantiki, na bangu, yaani lugha. Brown alifariki mwaka 2000.

Maneno ya msingi ya Lojban, yapatayo 1,350, yalitungwa kwa kuchanganya sauti za lugha sita zenye wasemaji wengi: Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu. Kwa hiyo msomaji aliyepitia chuoni hatajiona mgeni kabisa. Herufi x husomwa kama khe ya Kiarabu. Herufi c ni shini. Nukta iandikwayo mbele ya neno si kituo bali ni kikwazo kidogo cha pumzi kooni, yaani hamza. Na alama ya ritifaa husomwa kama h nyepesi. Neno la Kiislamu ni muslo, na la Kimisri ni misro. Sikio la mpwani halihitaji mkalimani hapo.

Sasa tuje kwenye viungo. Maneno mengine katika lugha ni kitambaa, na viungo ni uzi. Na, au, kisha, kwa sababu, kama: vijineno hivi havina uzito mkononi, lakini ndivyo vishikavyo nguo isifumuke. Tena ndivyo vyenye kuleta mashaka. Tazama Kiswahili chetu wenyewe. Shahidi akisimama mahakamani akasema, "Juma alionekana na Ali," amesema nini? Kwamba Ali ndiye aliyemwona Juma, au kwamba Juma na Ali walionekana pamoja? Kwa maana ya kwanza Ali ni shahidi. Kwa maana ya pili huenda akawa mshitakiwa. Kati ya mtu kurudi kwake na mtu kulala rumande pana silabi moja tu, na.

Au mzee ameandika hiba: "Shamba hili wapewe Fatma na Zena au Maryamu." Je, Fatma ana lake kwa hakika, na mwenziwe ni mmoja kati ya hao wawili? Au ni Fatma na Zena pamoja, na wakikosekana hao ndipo apewe Maryamu peke yake? Mzee akiwa hai ataulizwa. Akishakuwa mbele ya haki, watabakia wenye kugombana na karatasi.

Wenye Lojban walikusudia kuyakata mashaka ya namna hii kwenye mizizi. Walichukua vokali nne wakazipa kazi nne. A ni au, ile isiyokataza vyote viwili. E ni na. O ni hiki ikiwa na ikiwa tu ni kile. U ni hiki, kile kiwepo kisiwepo. Kisha vokali hizo wakazivika nguo mbalimbali kwa kadiri ya kitu kiungwacho. Ukiunga majina, wasema mi .e do klama, yaani mimi na wewe twaja. Ukiunga vitendo vya mtu mmoja, wasema mi klama gi'e tavla, naja na kusema. Ukiunga sifa mbili za kitu kimoja, barda je melbi, kubwa na nzuri. Ukiunga sentensi nzima kwa nzima, mi klama .ije do tavla, mimi naja na wewe wasema. Nguo ni nne, lakini ndani ni e ile ile.

Usiseme hizo ni taabu za bure, kwani nasi twafanya vivyo hivyo bila ya kuhesabu. Twasema Juma na Ali, lakini hatusemi Juma alikuja na alikula tukasikika watu wa pwani. Twasema alikuja akala. Ile ka iliyojipachika ndani ya kitendo ndiyo na ya vitendo vyetu. Tofauti ni kwamba sisi tumeirithi, na wao waliikata kwa mkasi.

Hata lile fumbo la hiba wamelifungulia mlango. Ukiunga majina matatu bila kusema zaidi, mawili ya mwanzo ndiyo yashikanayo, kisha ndipo lifuate la tatu. Ukitaka mawili ya mwisho yashikane kwanza, watia kijineno bo baada ya kiungo, nacho huwa kama gundi. Fatma .e Zena .a Maryamu ni maana moja, Fatma.e Zena .abo Maryamu ni maana nyingine. Likumbuke neno hilo bo, kwani tutakutana nalo tena.

Na wana jambo la kuchekesha. Umekaa barazani, mwenye nyumba akuuliza, "Watumia kahawa au chai?" Ukimjibu "Ndiyo," atadhani wamfanyia mzaha, lakini kwa mantiki hujakosea, maana umeulizwa kama wataka kimojawapo, na ni kweli wataka. Lojban ina kiungo cha kuulizia tu, ji. Waulizwa, do djica lo ckafi ji lo tcati? Nawe wajibu kwa kiungo kitupu. Ukisema .e, wataka vyote viwili. Ukisema .enai, kahawa bila ya chai. Ukisema na.e, chai bila ya kahawa. Jibu ni silabi mbili tatu, na mwenyeji haulizi tena.

Mpaka hapo ni mantiki juu ya mantiki, na mtu atasema hawa wamefaulu. Basi tumwite sasa yule mgeni wetu wa mwanzo.

Lojban ina vijineno vya kuonyesha tukio moja lasimamaje mbele ya lingine. Kimoja ni mu'i, chenye maana ya kusukumwa na, au kwa ajili ya. Kingine ni ba, kitokacho katika neno balvi, lenye maana ya kuwa baadaye kuliko kitu fulani. Ba hii sikioni yafanana na baada yetu, nayo yafanya kazi iliyo karibu, lakini si ndugu. Tuviweke vijineno hivi viwili katika kalibu moja:

Mi citka mu'i lo nu do klama. Nala kwa ajili ya kuja kwako.

Mi citka ba lo nu do klama. Nala baada ya kuja kwako.

Barabara. Katika sentensi zote mbili, kifuatacho kijineno ndicho chanzo: kuja kwako ndiko kulikonisukuma, na kuja kwako ndiko kulikotangulia. Mwenyeji amengoja, heshima yake imebaki.

Sasa tuache kutia tukio ndani ya sentensi, tuunge sentensi mbili kamili. Kanuni ni kuanza sentensi ya pili kwa .i, kutia kijineno chetu, kisha kukifunga kwa gundi ile, bo:

Mi citka .imu'ibo do klama. Nala, kwa ajili hii, kwamba waja.

Vizuri. Kifuatacho kijineno bado ni chanzo. Mwanafunzi ameishika kanuni. Kwa hiyo aendelea kwa ujasiri:

Mi citka .ibabo do klama.

Ataisomaje? Kwa kipimo cha mu'i angesema, "Nala, na hii ni baada ya wewe kuja." Lakini sivyo isomwavyo. Maana yake katika Lojban ni, "Nala; kisha waja." Kijineno kile kile, kalibu ile ile, na mambo yamepinduka. Mgeni afika akute sahani tupu. Na si ba peke yake: pu, ambayo ni kabla, nayo hupinduka vivyo hivyo.

Tusiwadhulumu wenyewe. Sentensi hii haina maana mbili. Aliyefundishwa huisoma kwa njia moja tu. Kiapo chao cha kuondoa utata hakikuvunjwa. Kilichovunjika ni usawa wa kanuni: vijineno vya sababu vyaunga sentensi kwa kutazama upande mmoja, na vijineno vya wakati vyatazama upande wa pili. Mwenye kujifunza hana budi kuvihifadhi mbalimbali, kama tunavyohifadhi ngeli zisizotii sheria. Nao walikuwa wameahidi kwamba hakutakuwa na cha kuhifadhi namna hiyo.

Mtu ataharakisha kusema walizembea. Mimi nimelitazama jambo hili nikaona kila upande una hoja yake. Ba ina kazi ya tatu, na hiyo ndiyo ya kila siku. Ikikaa mbele ya kitendo bila ya kitu kingine, huonyesha wakati ujao: do ba klama, utakuja. Hapo ba yakieleza kitendo kile kile kilichoifuata. Kuja ndiko kutakakokuwa baadaye. Mwenye kusikia .ibabo do klama huisikia ba hii: baadaye, waja. Kwa hiyo ba hii haijawa mwongo. Imefuata desturi ya ba ya kitendo ikaiacha desturi ya ba ya kihusishi. Desturi zote mbili ni za haki, kila moja nyumbani kwake. Zilipokutana kwenye mshono wa sentensi mbili, moja ilikuwa lazima ishindwe.

Na nionavyo mimi, iliyoshinda ilishinda kwa sababu ya hadithi. Binadamu husimulia kwa kufuata mwendo wa mambo. Aliondoka, kisha akafika, kisha akabisha, kisha akafunguliwa. Neno tunalolihitaji zaidi tukiunga sentensi ni kisha, wala si baada ya hiyo itakayofuata. Mwenye mantiki aliyekaa mezani na kalamu aweza kulisahau hilo. Mwenye kuhadithia wajukuu halisahau hata usiku mmoja.

Waliosoma nahau chuoni washalitambua jambo hili. Tulifundishwa herufi za atfu, na mwalimu hakutuacha mpaka tumezipambanua tatu za mwanzo. Wau hukusanya tu: wamekuja Ali na Omari, wala hujui nani alitangulia. Fa hupanga kwa kufuatana: amekuja Ali, na papo hapo Omari. Thumma hupanga kwa kuchelewesha: amekuja Ali, kisha baada ya kitambo Omari. Na kando ya hizo wako baada na kabla, ambao si herufi za atfu hata kidogo. Hao wana mlango wao mwingine katika kitabu. Mwarabu hakulipa neno moja kazi ya thumma na ya baada. Wala Mswahili hakufanya hivyo: ana kisha, na ana baada ya. Kisha hutazama mbele, baada ya hutazama nyuma, na kila moja ina mlango wake.

Wala mambo haya si ya kuchezea. Wanachuoni walijadili kwa karne nyingi kama wau katika aya ya udhu yalazimisha utaratibu wa viungo au la. Wengi wa watu wa nahau walishika kwamba wau peke yake hailazimishi. Hata hivyo madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu huku pwani, huhesabu utaratibu kuwa faradhi kwa dalili zake, na ya Hanafi huuhesabu kuwa suna. Herufi moja, na nyuma yake ibada ya mamilioni. Ndipo nisemapo, asiyevijali viungo hajui vimebeba nini.

Basi kosa likishajulikana, kwa nini lisitengenezwe? Hapa ndipo kwenye kiini cha habari. Mwaka 1997 kilitoka kitabu kikubwa cha John W. Cowan kilichoieleza sarufi yote ya Lojban, na wakuu wa lugha wakatangaza kwamba baada ya hapo haitaguswa kwa muda usiopungua miaka mitano. Maneno yao yalikuwa na busara: nani atajifunza lugha ibadilikayo kila mwezi? Na walikuwa wameuona mfano wa Loglan, ambayo wanafunzi wake walichoshwa na kusahau leo walichohifadhi jana. Kitabu kilitolewa tena mwaka 2016 kikiwa kimesahihishwa, lakini .ibabo ilikuwa imeshaingia vinywani. Watu walikuwa wamehadithia nayo na kuandikiana nayo. Ukiipindua leo, kila hadithi iliyoandikwa itasema kinyume cha alichokusudia mwandishi, na mgeni wa kila karamu atakuwa amefika wakati asiofika.

Tangu hapo wamegawanyika. Wako wasemao kwamba lugha ya mantiki isiyofuata kanuni zake haina sababu ya kuwako, na irekebishwe hata ikiuma. Baadhi yao wataka hata zile nguo nne za vokali zivuliwe, ibaki moja kwa kila jambo. Na wako wasemao kwamba lugha ikishasemwa si ya mwenye kuiunda tena. Ni ya wasemao, na kasoro zao ni sehemu yake.

Sisi wa pwani hatuwezi kuusikiliza ugomvi huo kama watu baki. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano hapa hapa Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita, chenye hazina ya mashairi ya karne nyingi, kikawekwa pembeni. Usanifu ulileta faida, hakuna mwenye insafu atakayekataa. Vitabu vimesomwa kutoka Lamu hadi Kigoma. Lakini mpaka leo mshairi wa Mombasa huandika nde, mato na mtanga bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Kamati yaweza kukata kitambaa. Haiwezi kumlazimisha mtu namna ya kujifunga shuka nyumbani kwake.

Kwa hiyo mimi, kama ningeulizwa na wenye Lojban, ningewaambia hivi. Yaacheni yaliyokwisha kuandikwa. Lakini mwongezeeni mwanafunzi neno, msimwondolee: apate kiungo kimoja kitazamacho mbele, kama thumma, na kingine kitazamacho nyuma, kama baada. Lugha zilizokaa na watu miaka elfu na zaidi ziliona haja ya mawili, na lugha iliyopimwa kwa rula haina aibu ya kujifunza kwao. Aibu ni kuwaambia watu kwamba kanuni ni moja, hali mkono wajua kuwa ni mbili.

Nasi pia tujitazame. Twaandika sheria, mikataba, wasia na hati za mashamba kwa na, au na kisha zetu, na mara nyingi twadhani msomaji ataelewa tu. Ataelewa siku ambayo sote tuko hai na twapendana. Siku nyingine hati itasimama peke yake mbele ya kadhi, na kiungo kilicholegea kitasema chake. Nimelitungia jambo hili ubeti mmoja, uwe ukumbusho kwa wenye kushika kalamu:

Kiungo kama mshono, vitambaa hushikia,
Ukilegea mkono, kanzu hukufumukia,
Vivyo hivyo na maneno, maana hutukimbia,
Fundi hupimwa mshono, si kwa nguo kuvutia.